Jivu la Pumba kwenye Boneti Jeusi

"…hata kwa ncha ya kidole, Levina, umenisikia? Hata nzi akitua juu yake, mwache aruke mwenyewe!"

Hivyo ndivyo mama mdogo Balbina alivyoaga Ijumaa ile jioni, mguu mmoja uko juu ya bodaboda, mwingine bado chini, kofia ngumu imemkaa upande. Alikuwa anakwenda Katindiuka kumjulia hali mgonjwa, lakini akili yake yote aliiacha nyuma, kwenye gari jeusi lililoegeshwa uani.

"Nimesikia, mama mdogo."

"Umesikia nini?"

"Nisiiguse."

"Haya. Nikirudi tutakula wote."

Bodaboda ikaondoka na vumbi lake, na Levina akabaki peke yake na lile gari.

Siku nyingine Levina asingeliogopa gari. Magari alikuwa anayaona kila siku. Akitoka shule, alikuwa anavua sare, anafagia ua, anajaza pipa maji, kisha anaanika vitambaa vya mama mdogo kwenye kamba, vile laini upande huu na vile vya matairi upande ule, visije vikachanganyika. Alikuwa darasa la sita. Mama yake mzazi alikuwa analima kule Masagati, mbali, mbele ya Mlimba, na ndiye aliyemleta Ifakara asome akiwa kwa mdogo wake. Na mama mdogo Balbina alikuwa na sehemu yake ya kuoshea magari kando ya barabara ya kuelekea Kivukoni.

Kuosha tu, wengi wanaosha. Mama mdogo alikuwa na kazi nyingine aliyoisomea Dar es Salaam: kupaka kotingi. Sasa kotingi yenyewe ni hivi. Ni maji fulani yaliyo kwenye kichupa kidogo, unayapaka juu ya rangi ya gari taratibu, kipande kwa kipande. Yakikauka yanageuka kuwa ngozi nyembamba, ngumu, inayong'aa kama kioo. Huioni, lakini ipo. Jua likiunguza, linaunguza ile ngozi, haliifikii rangi. Tope likirukia, ukimwaga maji kidogo linaachia lenyewe.

Watu walimcheka. Bwana Adolf, aliyekuwa anauza nta za makopo ng'ambo ya barabara, alicheka kuliko wote. "Ifakara hii?" alikuwa anasema. "Masika yake yale, halafu vumbi la malori ya mpunga? Nta yangu ikiisha unapaka tena, mambo yamekwisha. Hiyo ya kukaa miaka na miaka ni hadithi ya kulalia watoto."

Ni Mzee Haruni peke yake aliyekubali kujaribu. Alikuwa na duka kubwa mjini na magari ya abiria yanayokwenda Mlimba na Mahenge. Akaleta gari lake la kutembelea, jeusi tii, akasema, "Binti yangu, paka. Nitaitembeza mwaka mzima, juani na kwenye matope. Mwaka ukiisha tutaiosha hapa hapa mbele ya watu. Ikiwa bado inarusha maji, nakuletea magari yangu yote. Ikiwa imekufa, uniambie imekufa."

"Nitakwambia mwenyewe, mzee," mama mdogo alijibu.

Basi mwaka ulikuwa umeisha. Watu walikuwa wanakuja kesho asubuhi. Na dereva wa Mzee Haruni alikuwa ameliacha gari uani lilale pale.

Levina alikaa kwenye ngazi, akalitazama. Vumbi lilikuwepo, ndiyo, lakini chini ya vumbi ule weusi ulikuwa bado mzito, kama maji ya kisima kirefu. Akasimama. Akalizunguka, mikono ameifunga nyuma ili isije ikamponyoka. Alipofika mbele, akaliona doa.

Lilikuwa katikati ya boneti. Ndege gani sijui, alikula tunda gani sijui, akaja kuyaachia pale pale. Lilikuwa limekauka, jeupe pembeni na zambarau katikati.

Levina akaona kesho yote mbele ya macho yake. Watu wanafika, Bwana Adolf yuko mbele na tumbo lake, na kitu cha kwanza anachokiona ni lile doa. Si nilisema? Atasema hivyo. Mama mdogo alikuwa amesubiri mwaka mzima, na mavi ya ndege ndiyo yamharibie?

Alichota maji kwenye kopo, akamwaga kidogo. Weupe ukaondoka, likabaki doa la zambarau, halitoki. Akalifuta kwa kitambaa laini. Halitoki.

Angeacha hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini Levina alikuwa na sifa moja mtaa mzima, nayo ni sufuria. Hakuna aliyemfikia kwa kung'arisha sufuria. Sikukuu moja pale parokiani akina mama walimpa sufuria za kupikia wali wa watu wote, zimeungua nyeusi chini, akazirudisha hadi mama mmoja akatumia moja kutengenezea kilemba chake, anajitazama humo kama kwenye kioo. Na dawa yake ilikuwa ileile anayoijua kila mtoto anayekaa karibu na mashine za kukoboa mpunga: jivu la pumba. Pumba zinachomwa, linabaki jivu jeupe, unalowesha dodoki, unachovya, unasugua. Hakuna uchafu unaobaki mbele ya jivu la pumba.

Kopo la jivu lilikuwa jikoni. Levina akalichukua.

Alisugua kama anavyosugua sufuria, mduara, mduara, mduara, mkono unakwenda wenyewe. Doa likafifia. Akaongeza jivu. Doa likaisha. Akamwaga maji, boneti likang'aa, jeusi, safi, na Levina akarudi nyuma hatua mbili, ameridhika hadi akatabasamu peke yake.

Kisha maji yakakauka.

Mahali alipokuwa amesugua palikuwa pamepata ukungu. Kipande kikubwa kama sinia, cheupe-cheupe, kama jicho la mzee lenye mtoto wa jicho. Akainama karibu. Ndani ya ule ukungu ilikuwemo mikwaruzo, myembamba kama nyuzi za buibui, mamia kwa mamia, yote inazunguka. Mduara, mduara, mduara.

Alimwaga maji tena, ukungu ukapotea. Akafurahi. Maji yakakauka, ukungu ukarudi. Akamwaga tena. Ukarudi tena, na sasa jua lilikuwa linashuka na bodaboda zinapita barabarani, na kila moja ilikuwa na mlio wa ile iliyomchukua mama mdogo.

Ikamjia kwamba maji yanauficha ule ukungu, shida ni kwamba yanakauka. Kwa hiyo kinachotakiwa ni maji yasiyokauka.

Alikimbia jikoni, akachukua chupa ya mafuta ya alizeti, yale yaliyobaki baada ya kukaangia sambusa. Akapaka kidogo kwa kitambaa. Ukungu ukazama. Palipokuwa pameharibika pakang'aa kuliko gari lote. Akatupa kitambaa nyuma ya pipa, akarudisha chupa, akarudisha kopo la jivu, akanawa mikono mara tatu kwa sabuni, na bado mikono ilikuwa inanuka.

Mama mdogo alirudi giza linaanza. Hakuingia ndani. Alitembea moja kwa moja hadi kwenye gari, akasimama mbele yake, mikono kiunoni. Levina alikuwa jikoni, mwiko mkononi.

"Imelala salama?" mama mdogo akauliza bila kugeuka.

"Salama, mama mdogo."

"Mtoto mzuri."

Maneno hayo mawili yalimchoma Levina kuliko kiboko. Wali na samaki wa mtoni walikuwepo mezani, chakula anachokipenda, na kila tonge lilikuwa linasimama kooni kama limeulizwa linakwenda wapi. Mama mdogo alikuwa anaongea bila kituo. Magari ya Mzee Haruni yakija, ataajiri mtu. Wataezeka kivuli cha bati uani. Mama wa Masagati ataletwa aje apumzike kidogo. Levina alikuwa anaitikia, "Ndiyo, mama mdogo," na ndani yake kuna kitu kinamwambia, sema sasa, sema sasa. Akala. Akaosha vyombo. Hakusema.

Asubuhi alipofungua mlango, kitu cha kwanza alichokiona ni kwamba mafuta yamemsaliti. Malori ya mpunga yalikuwa yameanza kupita alfajiri, na vumbi lao lilikuwa limetua kwenye gari zima, jembamba. Lakini pale kwenye mafuta lilikuwa limenata. Lile sinia lilionekana waziwazi, kama mtu amenyunyizia unga. Mama mdogo alikuwa nyuma ya nyumba, anachemsha chai, anaimba wimbo wa kanisani.

Kabla Levina hajajua afanye nini, geti likalia. Alikuwa Firdausi, mjukuu wa Mzee Haruni, ambaye shuleni wanakaa dawati moja.

"Babu yuko nyuma anakuja, anasalimiana na kila mtu barabarani," Firdausi akasema. Akasogelea gari, akanusa. Akanusa tena. "Levi. Mbona gari ya babu inanuka sambusa?"

Levina akamvuta nyuma ya pipa, akamwambia yote kwa sauti ya chini, haraka haraka, doa, jivu, ukungu, mafuta. Macho ya Firdausi yakawa yanakua.

"Uliisugua kwa jivu? Gari?"

"Sufuria zinatakata."

"Sasa ile ni sufuria?" Firdausi akataka kucheka, akaiona sura ya mwenzake, akaacha. Akafikiri. "Sikiliza. Usiseme. Mimi sijasikia kitu. Mama yako mdogo akijua, kesho utapandishwa gari la Masagati, shule imeishia hapo. Na babu yangu, wee, humjui babu akikasirika. Haongei. Anakutazama tu."

"Wakiona je?"

"Watasema ni jua. Gari inakaa juani mwaka mzima, si ndiyo? Nani atajua?"

Levina akatikisa kichwa kukubali.

Watu wakaanza kuingia. Madereva wa bodaboda, wenye magari, vijana wa mashine za mpunga. Mzee Haruni aliingia na kanzu yake nyeupe, akapokea shikamoo zao zote. Bwana Adolf akachukua nafasi ya mbele, kama alivyotarajiwa.

"Haya, dada Balbina," akasema, "leo ndiyo leo. Tuonyeshe hicho kioo."

"Utakiona, kaka Adolf. Vaa miwani tu."

Watu wakacheka. Mama mdogo akachota maji, akamwaga kwenye paa. Na hapo, kwa kweli, palikuwa na kitu cha kutazama. Maji hayakutapakaa. Yalijikunja yakawa matone ya duara, mamia, kama shanga zilizokatika uzi, yakakimbia pembeni na vumbi lote yamelibeba mgongoni. Akamwaga mlangoni, shanga zikakimbia. Mlango wa nyuma, vilevile. Watu wakaguna kwa kupendezwa. Mzee Haruni akashika ndevu zake.

Kisha mama mdogo akapaka povu gari zima, boneti nalo, na povu likayaondoa mafuta yote. Levina aliyaona yakienda. Mama mdogo akamwaga maji kwenye boneti. Pembeni shanga zikakimbia. Katikati, maji yakalala chini kama yamechoka. Hayakujikunja. Hayakukimbia.

Mama mdogo akamwaga tena. Yakalala tena. Akafuta kwa kitambaa laini, na jua la asubuhi likapiga pale, na ukungu ukatokea mbele ya watu wote.

Watu wakasogea kutazama. Bwana Adolf naye akasogea. "Si nilisema?" akasema mwishoni, polepole. "Mimi si nilisema?"

Mama mdogo aliinama hadi pua ikakaribia boneti. Akapitisha kiganja. Alipoinuka, rangi ya uso wake ilikuwa imebadilika. Akageuka.

"Levina. Jana nilipoondoka, kuna mtu aliigusa hii gari?"

Watu wote wakamgeukia. Macho ya Mzee Haruni, macho ya Bwana Adolf, macho ya Firdausi yanayosema nyamaza. Levina alifungua mdomo akitaka kusema ndiyo, na neno lililotoka lilikuwa jingine.

"Hapana, mama mdogo."

Mama mdogo akamtazama kidogo. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu la kutosha, akamrudia Mzee Haruni. Alisimama wima, vitambaa mkononi.

"Mzee, nilikuahidi nitakwambia mwenyewe. Hapa imeshindwa. Milango imekubali, paa limekubali, boneti limekataa. Huenda niliipaka vibaya, huenda haifai kwa jua la hapa. Sijui. Lakini siwezi kukwambia uniletee magari mengine kwa kitu ambacho mwenyewe nimeanza kukitilia shaka. Nitaendelea kuosha tu kama zamani. Kile kibao cha kotingi pale ukutani nakishusha leo."

Alisema kwa sauti ya kawaida, hakulia, hakulalamika. Akaenda ukutani, akanyanyua mikono, akaanza kukifungua kile kibao alichokichora mwenyewe. Waya ulikuwa umeshika kutu, vidole vyake vilikuwa vinahangaika nao.

Levina alitazama vile vidole. Hofu ilikuwa bado ipo, tena kubwa kuliko jana. Ila sasa ilikuwepo nyingine upande wa pili, hofu ya kukaa katika nyumba hii kila siku na kumwona mama mdogo akiosha magari akiamini hajui kazi yake.

"Ni mimi," akasema.

Sauti ilikuwa ndogo, hakuna aliyesikia. Akasema tena. "Mama mdogo, acha. Ni mimi. Niliisugua mimi jana. Nimesema uongo."

Mikono ya mama mdogo ikasimama kwenye waya.

Bwana Adolf akacheka. "Ehe. Sasa hivi kasema hapana, sasa hivi kasema ni mimi. Jamani, mtoto anamwonea huruma mama yake mdogo, anabeba mzigo. Tusidanganyike."

"Kweli ni mimi, Bwana Adolf."

"Lile la kwanza nalo lilikuwa kweli?"

Baadhi ya watu wakacheka. Levina hakuwa amelifikiria hilo kamwe, kwamba atausema ukweli na watu wataukataa. Akamtazama Firdausi, Firdausi akatazama chini. Akamtazama mama mdogo, na kwenye uso wa mama mdogo akaona kitu kibaya kuliko hasira. Hata yeye hakuwa anajua aamini lipi.

Mzee Haruni akasogea mbele. Ilikuwa kama Firdausi alivyosema. Hakuongea. Alimtazama tu Levina, muda mrefu, mpaka Levina akatamani ardhi imfiche. Kisha akauliza, "Ulisugua kwa kitu gani?"

"Kwa jivu la pumba. Na dodoki."

"Lete."

Alikimbia jikoni, akarudi na kopo na dodoki. Akaenda nyuma ya pipa, akarudi na kitambaa chenye mafuta. Mzee Haruni alikinusa, akakitoa puani haraka. Akalizunguka gari hadi nyuma, akaonyesha pembe ya chini ya bampa, karibu na tairi.

"Sugua hapa."

"Mzee?" mama mdogo akashtuka.

"Ni gari yangu, binti yangu. Mtoto, sugua hapa kama ulivyosugua jana."

Levina alipiga magoti. Jana mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Leo ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe, kwa sababu jana hakujua anachokifanya, na leo alikuwa anajua kabisa. Kuharibu kitu cha mtu, mbele ya mwenyewe, mbele ya mji. Jivu likamwagika magotini. Akachovya dodoki, akasugua. Mduara, mduara, mduara. Machozi yalikuwa yanadondoka na yeye anasugua.

"Basi," Mzee Haruni akasema. Akamwaga maji mwenyewe, wakasubiri yakauke.

Ukungu ukatokea. Mdogo, lakini ndugu kabisa wa ule wa mbele. Mzee Haruni akainama kwa shida, akatazama. Akatembea hadi mbele, akatazama boneti. Akarudi nyuma tena. Watu nao wakawa wanakwenda mbele na nyuma pamoja naye, na mwisho Bwana Adolf naye akaenda, akainama, akanyoosha mgongo, akarudi pembeni.

"Mkono ni mmoja," Mzee Haruni akasema. "Mwenye macho ameona. Hii kotingi haikufa kwa jua wala kwa masika. Iliuawa jana jioni, kwa jivu la jikoni."

Mama mdogo alikuwa ameshachukua mashine yake ya kupolishi. Alipaka dawa kidogo kwenye boneti, mashine ikanguruma, akawa anaipitisha taratibu huku na huku. Levina alikuwa bado amepiga magoti nyuma ya gari, anasikiliza ule mngurumo kama mtu anayesubiri hukumu. Mashine iliponyamaza, mama mdogo akafuta.

"Njoo uone," akaita.

Pale palipokuwa na ukungu palikuwa na weusi mtupu, rangi ya gari yenyewe, nzima, haina hata mkwaruzo.

"Jivu lako halikuifikia rangi," mama mdogo akasema, anaongea na watu wote lakini anamtazama Levina. "Ngozi ya juu ndiyo iliyoumia. Ingekuwa haipo, leo tungekuwa tunatafuta fundi wa rangi. Nitapapaka upya hapa na kule nyuma, ikae hapa hadi kesho ikauke, imekwisha."

Mzee Haruni akakung'uta kanzu yake. "Jumatatu dereva ataleta la kwanza, lile linalokwenda Mlimba," akasema. "Lina matope ya tangu masika. Na wewe," akamgeukia Levina, "umeniomba radhi?"

"Nisamehe, mzee. Nisamehe kwa gari, na kwa uongo."

"Nimekusamehe vyote viwili. Cha pili kilikuwa kizito zaidi."

Watu wakatawanyika. Bwana Adolf alikuwa wa mwisho. Alisimama getini, akakohoa, akauliza kama vile anauliza habari za mvua, hiyo dawa inapatikana Dar tu, au hata Morogoro mjini ipo? Mama mdogo akamjibu vizuri tu.

Firdausi naye akaja, akasimama karibu na Levina. "Nilikushauri vibaya," akanong'ona. "Ingekuwa mimi, ningenyamaza hadi uzee." Kisha akamkimbilia babu yake.

Walipobaki wawili, mama mdogo aligeuza ndoo, akaikalia, akamwonyesha Levina ndoo ya pili. Levina akakaa. Hapa ndipo alipoogopa kuliko wakati wote. Mbele ya watu mtu hujizuia, na sasa watu hawakuwepo.

"Utanirudisha Masagati?"

"Nani kakwambia hivyo?" Mama mdogo akakunja kitambaa mapajani, akakikunjua. "Sikiliza, Levina. Kuisugua gari ulikosea, nilikukataza ukafanya. Lakini ulitaka kunisaidia, hilo nalijua. Mafuta ndiyo yaliyoniuma. Na lile 'hapana' lako. Unajua kwa nini? Kwa sababu nilikuamini. Nilikuamini wewe mpaka nikaacha kuiamini kazi ya mikono yangu mwenyewe."

Levina akalia kwa sauti sasa. Mama mdogo alimwacha alie, hakumharakisha.

"Jana jioni ulikuwa unamwogopa mtu mmoja, mimi," akaendelea. "Ungeniambia tukiwa mezani, ningefoka, ningetoa mashine, tungelala. Ukaificha hofu yako, ikakua usiku, asubuhi ikawa hofu ya uwanja mzima. Kosa ukilileta likiwa bichi, linatengenezeka. Ukilipaka mafuta, linaonekana zuri siku moja, kisha linakusanya vumbi la kila anayepita. Na ukweli wenyewe ukichelewa, unakuta watu hawakuamini tena, unabaki kuutetea kwa machozi. Umeona leo?"

"Nimeona."

"Siku nyingine ukiharibu kitu, chochote, hata kama ni nyumba hii imeungua, unakuja kwangu kabla ya kunawa mikono. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mama mdogo."

"Na Jumamosi zote hadi shule zifungwe, vitambaa vyote unafua wewe. Vya matairi navyo." Akainuka. "Sasa njoo ushike taa ya kumulikia boneti, nikuonyeshe kotingi inavyopakwa. Jivu liache jikoni na sufuria zako."

Walifanya kazi hadi alasiri. Jua lilipoanza kulegea, simu ya mama mdogo ikaita. Alikuwa mama wa Masagati, amepanda kilimani kule kwao ambako mtandao unashika, na upepo ulikuwa unavuma kwenye simu yake.

"Levina mwanangu, hamjambo? Haya niambie, mambo ya gari la yule mzee yameendaje?"

Levina alimtazama mama mdogo. Mama mdogo akajifanya anatafuta kitambaa. Ingekuwa rahisi kuanza na Jumatatu, na gari la kwanza, na watu walivyoguna matone yalipokimbia. Levina akavuta pumzi.

"Mama, shikamoo. Jana niliharibu gari la watu. Halafu nikaficha, halafu nikasema uongo mbele ya kila mtu."

Akaendelea hivyo hivyo, doa, jivu, mafuta, lile "hapana", na jinsi vidole vya mama mdogo vilivyokuwa vinahangaika na waya wa kibao. Hakuruka kitu. Alipofika hapo akamsikia mama yake akishusha pumzi.

"Na ikawaje, Levina? Mbona unanitisha? Huku jua linaelekea kuzama na njia ya kushuka mbaya."

"Shuka, mama, usiwe na wasiwasi," Levina akasema, na kwa mara ya kwanza tangu jana sauti yake ilikuwa imetulia. "Ya kuogopa yote nimeshakwambia leo. Kesho ukipanda tena nitakwambia yaliyobaki. Yaliyobaki ni mazuri."